Mkojo wa Shemeji

Maumivu yalipomshika, mwendesha kreni alikuwa na tani moja na nusu ya nondo hewani. Alikaa katika kibanda chake cha vioo, mita hamsini na tano kutoka ardhini, na nondo zile zilikuwa zikivuka juu ya vichwa vya mafundi waliokuwa wakifunga mbao za ghorofa ya tisa. Kitu kilimchoma ubavu wa kushoto, chini ya mbavu za mwisho, kikateremka hadi kwenye kinena. Hakikuwa kama kisu, kwa maana kisu huingia mara moja. Hiki kiliingia na kikaendelea kuingia. Akarudisha kishikio cha mashine katikati. Mzigo ukasimama, ukaanza kupepesuka.

"Ghorofa, mbona umesimama?"

Sauti ya redioni ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa mpiga ishara wa kreni ile. Kazini walimwita Bendera, kwa ajili ya vibendera viwili vyekundu alivyotembea navyo kabla kampuni haijanunua redio. Mwendesha kreni mwenyewe walimwita Ghorofa, na jina lilimpendeza.

"Subiri," alisema.

"Nisubiri nini, shem? Watu wako chini ya nondo."

"Waondoe."

Bendera alisikia namna neno lile lilivyotoka, akapuliza filimbi bila kuuliza zaidi. Mafundi wakatawanyika. Kisha akaanza kumwongoza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. "Kulia kidogo. Kidogo tena. Hapo. Sasa shusha. Shusha. Vuta pumzi, shem, nasikia huvuti. Shusha." Nondo zilikaa kwenye magogo bila kishindo. Mwendesha kreni akazima mashine, akavua kofia yake ngumu, akatapika ndani yake.

Kushuka ngazi ilikuwa kazi ya dakika kumi na mbili. Siku hiyo ilichukua dakika arobaini. Bendera alipanda hadi katikati, akawa anashuka chini yake huku akimshika buti moja baada ya jingine na kuliweka kwenye kipago. Ardhini msimamizi wa kazi alikuwa akiwasubiri huku akitazama saa.

"Ana nini huyu?"

"Tumbo," alisema Bendera haraka. "Alikula kiporo."

Mwendesha kreni hakukanusha. Alikuwa ameinama, mikono magotini, akitazama jasho lake likidondoka kwenye vumbi la saruji.

Siku tatu baadaye karani wa hospitali alisimama mlangoni akaita kwa sauti ya mnadani, "Nani ana jiwe? Jiwe kushoto." Watu kama arobaini waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka kumtazama mwendesha kreni akinyanyuka. Mkewe akanyanyuka naye, akabeba bahasha ya picha. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliibandika picha kwenye kioo chenye taa.

"Mnaona hiki cheupe?"

"Ndiyo figo?" aliuliza mke.

"Figo ni hiki kivuli kinachokizunguka, mama. Hicho cheupe ni jiwe."

Lilikuwa kama tangawizi iliyong'olewa shambani, na kila tawi lake lilikuwa limeingia katika chumba chake ndani ya figo. Mke alijikuta akihesabu matawi. Yalikuwa matano.

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?" daktari alimuuliza mume.

"Nakunywa jioni, nikirudi."

"Na mchana?"

"Mchana niko juu, daktari. Kule hakuna choo. Kushuka na kupanda ni nusu saa, na kreni ikisimama nusu saa, inaandikwa. Mimi miaka kumi na moja sijaandikwa." Alilisema hilo akiwa amekaa wima, kama mtu anayetaja cheo. Daktari alimtazama, wala hakutoa pongezi.

"Si kuna dawa ya kuliyeyusha?" aliuliza mume.

"Yapo mawe yanayoyeyuka. Hili si mojawapo. Sikilizeni niwaeleze yote, halafu mtauliza." Akageuza kiti. "Kuna mashine ya mawimbi. Unalala, inalipiga jiwe kutoka nje, hakuna anayekukata, jioni uko nyumbani. Ni nzuri kwa jiwe la ukubwa wa punje ya haragwe. Hili nikilipiga litatoka vipande hamsini, na vyote vitataka kupita kwenye mrija mmoja ambao hata mrija wa wino wa kalamu unaujaza."

"Kama kumwaga kifusi cha nyumba nzima kwenye bomba moja la maji," alisema mwendesha kreni.

"Hasa. Bomba litaziba, na utaletwa hapa umebebwa. La pili ni tundu. Naingia mgongoni kwa tundu la upana wa kidole, naingiza mrija wenye kamera, nalivunja jiwe hukohuko ndani na kunyonya vipande. Utalala hapa siku nne, tano. Baada ya hapo mwezi mzima hubebi kitu wala hupandi kitu. Tawi hili la juu limekaa vibaya, huenda nikaingia mara mbili. La tatu ni kupasua ubavu, kama walivyofanya walimu wangu. Hilo naliweka kwa yule ambaye tundu halimfai. Kupona kwake ni miezi mitatu."

"Na nikiliacha lilivyo?"

"Litaimaliza figo polepole. Na siku moja usaha utaingia kwenye damu. Hapo hatutakuwa tunazungumzia figo tena."

Mke aliuliza ni lipi lililo bora. Daktari akasema ni tundu, kisha akafungua daftari kubwa lenye mistari. Mashine ilikuwa moja na wagonjwa walikuwa wengi, alisema, na wanaotangulia ni wale ambao figo zao zimeteswa muda mrefu. Akachambua karatasi za kazini zilizokuwa ndani ya bahasha, zile za kupima afya kila mwaka.

"Mwaka jana mkojo safi. Mwaka juzi safi. Hakuna damu, hakuna usaha." Akaitazama picha, akazirudia karatasi. "Hapa ndipo ninaposhangaa. Jiwe la namna hii hutoa damu mapema. Umewahi kuona mkojo mwekundu, au wa rangi ya chai?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, daktari."

Mke aligeuza uso akamtazama. Alikuwa anakumbuka madoa aliyoyakuta kwenye nguo za ndani za mumewe, na jibu alilopewa, kwamba ni rangi ya kuzuia kutu. Aliyekuwa akifua ni yeye, na rangi ya kutu haitoki kwa sabuni, lakini ile ilitoka. Hata hivyo hakuwa mtu wa kumwaibisha mumewe mbele ya mgeni.

"Basi nitaziamini karatasi," alisema daktari. "Kama ni kweli, jiwe lako ni la haraka, la miezi michache, na figo bado ina nguvu. Utasubiri miezi mitano. Hivi ni vidonge vya kuzuia maambukizi. Homa ikija, usingoje tarehe, njoo. Na ujue, nakala ya kila ninachoandika inakwenda kwenye bima ya kampuni yenu, kwa sababu ndio wanaolipa."

Mwendesha kreni aliitikia kwa kichwa. Katika yote yaliyosemwa chumbani mle, hilo la nakala ndilo alilokuwa akilisubiri.

"Nani alikojoa?" mke aliuliza jioni ile, kabla wanaume wawili hawajamaliza kufungua kamba za buti.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa cha mume na mke na binti yao, ambaye wakati huo alikuwa shuleni akijisomea. Cha nje kilikuwa sebule mchana, na usiku kilikuwa chumba cha Bendera.

"Wapi?" aliuliza Bendera, akitazama sakafu.

"Usinichekeshe, mdogo wangu. Mwaka jana, siku ya kupima. Kwenye kikombe cha kampuni. Nani alikojoa?"

"Dada, hayo ni mambo ya kazini."

"Mkojo wako ulikwenda kazini, wewe ukabaki wapi?"

Bendera alimtazama shemeji yake apate msaada, hakuupata. "Wake ulikuwa na rangi," alisema mwishowe. "Yeye alisema ni jua. Mimi nikasema ni uchovu. Nesi akikuta rangi, hupandi. Ndio nikampa wangu. Ulikuwa kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nilikiweka kwapani upate joto, maana yule nesi hushika kikombe kwa mkono."

"Na mwaka juzi?"

"Kwapani vilevile."

Mke alicheka bila kutaka. Kicheko kilimshinda, kikamtoa machozi, na kilipokwisha ilibidi aketi. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili mnampelekea daktari kwapa. Na leo umekaa mbele ya yule mama, amekuuliza mara mbili, ukamwambia hapana. Ulikuwa unamdanganya nani? Jiwe?"

"Ningemwambia nini?" alisema mume. "Angeandika. Nakala ingefika ofisini. Wangeuliza, mbona karatasi zenu zinasema safi? Mkojo wa nani huu? Wakijua, kiti changu kimekwenda, na redio ya huyu ndugu yako imekwenda. Mishahara miwili ya nyumba hii, kwa neno moja. Halafu hilo tundu, bila bima, litalipiwa na nani? Na pasi yako?"

"Miezi mitano hiyo figo itangoja?"

"Figo ziko mbili."

"Na macho unayo mawili. Nikutoboe moja?"

Bendera alisimama ili atoke nje. Dada yake akamwambia akae, naye akakaa.

"Kuna kliniki karibu na stendi," mume alisema. "Wana hiyo mashine ya mawimbi. Unalipa, unalala dakika arobaini, kesho yake uko kazini. Hakuna bima, hakuna nakala."

"Umesikia alichosema kuhusu hiyo mashine. Wewe mwenyewe umesema bomba litaziba."

"Yule ni daktari wa kupasua. Lazima aseme kupasua."

"Hakusema kupasua. Alisema tundu. Nilikuwepo, au ulikwenda na mke mwingine?"

Ukutani ilining'inia kalenda ya kampuni, na siku ya kupima afya mwaka huu ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu, siku kumi na moja mbele. Wote watatu walikuwa wakiitazama.

"Mara hii ya mwisho, shem," mume alisema taratibu. "Nikipita mara hii, nasubiri miezi yangu mitano kimya kimya, natobolewa, narudi. Hakuna anayeumia."

Mke alimgeukia mdogo wake. "Ukimpa hata tone, usilale kwangu."

"Na nisipompa," alisema Bendera, "nitalala kwake?"

Kliniki ya karibu na stendi ilikuwa juu ya duka la matairi. Kijana mwenye koti jeupe alimkaribisha mwendesha kreni kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye sofa, akataja bei kabla hajauliza jina. Mwendesha kreni alitoa picha kwenye bahasha. Kijana akasema hakuna haja, jiwe ni jiwe.

"Naomba niione mashine."

Walimwonyesha. Ilikuwa kitanda kirefu chenye mpira kama puto ubavuni. Mwendesha kreni aliizunguka mara mbili, akiinama kutafuta kibati chenye maandishi. Ndani ya kibanda chake, mbele ya macho, palikuwa na jedwali la uzito: kila mita ya mkono wa kreni na kilo zake, na yeye alilijua kwa moyo kama wengine wanavyojua sala. Hakuwahi kunyanyua kitu bila kulitazama.

"Hii mwisho wake ni nini?" aliuliza.

"Mwisho kivipi, mzee?"

"Kila mashine ina mwisho. Inavunja jiwe mpaka la ukubwa gani? Likizidi hapo, inakuwaje?"

"Hii ni ya kisasa. Haina mwisho."

Mwendesha kreni alirudisha picha kwenye bahasha. Alikuwa amewahi kumwona mtu aliyeamini kwamba kreni yake haina mwisho, na alikuwa miongoni mwa waliomfukua. Aliaga kwa heshima. Kijana akamfuata ngazini akipunguza bei, kila kipago na bei yake, hadi barabarani.

Kwa hiyo njia ile ilifungwa, na ikabaki ya kichupa. Alirudi juu kibandani. Ofisi ya bima ilikuwa imeandika kwamba jiwe linalosubiri tarehe halimzuii mtu kazi, maadamu cheti chake cha afya bado kiko hai. Cheti chake kilikuwa hai kwa siku nne zaidi.

Siku mbili kabla ya kupimwa, saa nne asubuhi, jua likiwa kali, Bendera alisikia redioni sauti ngeni, kama ya mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo.

"Ghorofa, nini hicho?"

"Hakuna kitu."

"Ni meno hayo?"

"Baridi kidogo. Leta mzigo."

Bendera aliangalia juu. Kwenye vioo hakuona kitu ila mwanga. Pale chini watu walikuwa wamevua mashati kwa joto. Aliufunga mzigo, akautuma, akauongoza hadi mahali pake, na kila alipobonyeza redio aliyasikia yale meno. Nusu saa baadaye yalinyamaza. Mwendesha kreni alipokuja kushuka saa sita, alikuwa na macho mekundu, na alisema vidonge vya yule mama vinafanya kazi vizuri.

"Kichupa kipo?" aliuliza.

"Kipo," alisema Bendera.

Nesi wa kampuni alipanga meza yake kwenye stoo, kati ya mifuko ya saruji na ndoo za rangi. Alikuwa na vikombe vya plastiki vyenye namba, daftari, na sindano ya kutoboa vidole. Wanaume walipanga foleni wakitaniana, kila mmoja akipokea kikombe chake na kwenda chooni, akirudi amekibeba kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo.

Mwendesha kreni alipewa namba kumi na saba. Alimkuta Bendera nyuma ya choo, ameegemea tangi la maji. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Lete," alisema mwendesha kreni.

Bendera alinyanyua mkono, akamwonyesha kwapa tupu.

"Kiko wapi?"

"Hakuna, shem."

"Basi kojoa sasa hivi humu. Haraka, watatuona."

"Sina. Nimekojoa nyumbani alfajiri, wote. Tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni, hata mate nayaogopa." Alimeza kwa taabu. "Hata ukinikamua."

"Dada yako ndiye aliyekutuma."

"Dada alisema nisilale kwake. Ningelala kwa jirani. Siyo dada. Nimesikia meno yako."

"Ungeniambia tu kwamba hutaki."

"Ningekuambia, ungenishawishi."

"Ningekushawishi," alikiri mwendesha kreni.

Aliingia chooni peke yake, akafunga komeo. Kulikuwa na bomba ukutani, na kwa dakika moja alilifikiria lile bomba. Maji kidogo yangefifisha rangi. Alilifungua, akaweka kidole. Maji yalikuwa baridi kabisa, na nesi hushika kikombe kwa mkono. Lakini si hilo lililomfanya alifunge. Alichofikiria ni kwamba pale nje kuna mtu mzima amekaa siku nzima bila tone la maji, na hakufanya hivyo ili mtu mwingine aje kuongeza maji ya bomba kikombeni. Akakojoa. Ilimchukua muda, na ilimuuma, na kilichojaa kikombeni kilikuwa na rangi ya kutu.

Alipita nacho mbele ya foleni nzima. Utani ulizimika kutoka nyuma kwenda mbele, mtu mmoja mmoja. Alikiweka mezani, kwenye mstari, kati ya kumi na sita na kumi na nane ambavyo vilikuwa vya manjano kama vingine vyote.

Nesi alikishika, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki cha nani?"

"Changu."

"Mkojo uko hivi tangu lini?"

Mwendesha kreni alipiga hesabu kwa uaminifu, kwa kuwa alijua tarakimu hiyo ingemfikia daktari. "Miaka miwili na miezi minne."

"Mbona daftari linasema safi?"

"Mkojo wa daftari haukuwa wangu."

Msimamizi, aliyekuwa mlangoni akipokea mzigo wa mabati, aliacha karatasi zake akasogea. "Ulikuwa wa nani?"

Bendera alikuwa ameingia nyuma ya foleni. Alifungua kinywa, na kwa ukavu wa koo sauti haikutoka mara moja. Mwendesha kreni akamwahi.

"Niliununua kwa mtu barabarani."

"Mtu gani?"

"Hata nikimwona simjui."

Msimamizi alimtazama yeye, kisha akamtazama Bendera, kisha akayatazama mabati yake nje kwa kitambo. Alikuwa amefanya kazi na wote wawili tangu msingi wa jengo. "Mtu wa barabarani," alirudia, akamwashiria nesi aandike hivyo. Akanyoosha mkono. Mwendesha kreni akatoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akauweka kwenye kiganja kile, na ikamchukua nguvu kuachia vidole.

"Sijakufukuza," alisema msimamizi. "Nimekusimamisha. Kufukuza ni kazi ya ofisi, na ofisi huchelewa. Mtu aliyesimamishwa bima yake inakwenda mpaka mwisho wa mwezi. Leo ni tarehe tisa. Unanielewa, au nikuandikie?"

"Nimekuelewa."

"Nesi, mpe barua ya hospitali, na huo ujinga wa miaka miwili uandike wote. Wewe Bendera, kikombe chako kiko wapi?"

"Sina mkojo, msimamizi."

"Huna mkojo," alisema msimamizi. "Leo nimepata watu." Akaamuru apewe maji, akae kwenye mfuko wa saruji hapo hapo mpaka apate. Bendera alikaa, chupa kwa mikono miwili, akinywa huku akimwangalia shemeji yake akisubiri barua. Alitaka kusema kitu, lakini alikuwa anakunywa, na alipomaliza kunywa shemeji alikuwa amefika getini.

Mwendesha kreni alimpigia mkewe simu akitembea. Kule dobi mashine zilikuwa zikinguruma, ikabidi aseme mara mbili.

"Nimetoa wangu."

Mke alisikika akiweka pasi juu ya chuma chake. "Na yule?"

"Yumo kazini. Wamemkalisha anakunywa maji."

"Barua unayo?"

"Ninayo."

"Basi usipite nyumbani. Usipite popote. Nenda moja kwa moja, nitakukuta mlangoni." Alikata simu, akamwambia bosi wake kwamba anatoka, na bosi aliposema atamkata siku nzima alijibu kwamba anajua hesabu. Shati alilokuwa nalo mezani lilibaki limenyooka mkono mmoja.

Hawakuwa na miadi. Karani alisema haiwezekani, warudi baada ya miezi mitano kama ilivyoandikwa. Mke hakubishana naye. Alikaa chini, sakafuni, mgongo ukiegemea mlango wa daktari, na miguu ameinyoosha mbele ili yeyote anayeingia au kutoka amruke. Wa tatu kumruka alikuwa daktari mwenyewe.

Alisoma barua akiwa amesimama. Alipofika kwenye tarakimu alirudi akaisoma tena, akavua miwani.

"Miaka miwili na miezi minne."

"Ndiyo, daktari," alisema mwendesha kreni.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

"Homa?"

"Juzi. Ilinitikisa nusu saa. Nilikuwa juu."

Daktari aliweka mgongo wa kiganja kwenye shingo ya mwendesha kreni, akauacha hapo kidogo, kisha akaingia ofisini na wote wakamfuata. Hakukasirika kwa maneno; alikasirika kwa namna alivyofungua daftari lile kubwa na kulibonyeza kati kwa kiganja likae wazi. Alipiga mstari kwenye jina la mgonjwa wake, lililokuwa miezi mitano mbele. Akapekua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika kwenye Jumanne ya wiki inayofuata.

"Leo unalala hapa," alisema. "Nakuanzishia sindano sasa hivi, niue hao wadudu kabla sijakutoboa. Bima yako?"

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema mke. "Tumebakiza siku ishirini na moja."

"Zinatosha kwa tundu moja. Kama litahitajika la pili, tutajua hapo." Aliandika polepole, kwa herufi kubwa.

"Na figo, daktari?" mke aliuliza. "Itapona?"

Daktari alimaliza kuandika kwanza.

"Figo siwezi kukuahidi, mama," alisema. "Jumanne naweza."